Rafiki yako amepoteza uwezo wa kuona ghafla: namna ya kumsaidia wiki za mwanzo

Maswali yanayonifikia ni yaleyale. Nimshike mkono wapi? Nikisema "tutaonana kesho" nitamtonesha kidonda? Nimfulie nguo? Nikae na simu yake ili nimtumie pesa zake? Aliyepofuka kidogo kidogo kwa miaka kumi huwa amekwisha kujifunza njia ya chooni kabla giza halijafika. Aliyelala akiona akaamka haoni, au aliyetoka kwenye ajali ya boda bila macho, hana hata siku moja ya kujiandaa, na marafiki zake hubabaika pamoja naye.

Haya nimewaandikia marafiki hao: jirani wa chumba cha pili, mwenzake wa kazini, wa kwaya au wa msikitini. Nimeyaandika kwa maisha yetu ya Uganda, yenye boda, mitaro wazi, sigiri na pesa za kwenye simu. Na jambo moja nitalirudia hadi ulichoke: usimpokonye kazi anayoweza kuifanya. Mwambie kilichopo, kisha mwache mikono yake ifanye.

(Ndiyo, sema "tutaonana". Yeye mwenyewe ataendelea kusema hivyo.)

Kama imetokea leo au jana, anza hospitali

Kupoteza kuona ghafla ni dharura, hata kama ni jicho moja, hata kama haliumi. Akikuambia ameona mimeto ya mwanga, vidoa vingi vikielea, kisha kama pazia linashuka, huenda retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imebanduka, na hiyo huokolewa kwa upasuaji wa mapema. Jicho jekundu linalouma sana pamoja na kichwa na kutapika linaweza kuwa presha ya jicho iliyopanda ghafla. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, fikiria kiharusi. Ikiwa alikunywa waragi ya kienyeji usiku na sasa anaona ukungu mweupe, waambie wahudumu wazi, usione haya kwa niaba yake: pombe yenye methanoli hupofusha na huua, na ina tiba ikiwahiwa. Vivyo hivyo kama alimeza kwinini kupita kipimo. Akimwagikiwa na asidi au kemikali yoyote, osha jicho kwa maji mengi safi kwa nusu saa kabla hamjaanza safari.

Kampala kuna idara za macho Mulago na Hospitali ya Mengo. Magharibi kuna kituo cha macho cha Ruharo, Mbarara. Kama uko mbali na huko, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Usitie maziwa ya mama, majani yaliyotwangwa, wala matone uliyoyanunua duka la dawa bila kupimwa. Matone mengine yana steroidi, na kwa jicho lenye maambukizi huweza kumaliza kile kidogo kilichobaki.

Na kama madaktari wamekwisha kusema hakuna zaidi la kufanya, waulizeni maswali matatu kabla ya kuondoka: ugonjwa unaitwaje, mtuandikie; bado anaona nini, hata kivuli au mwanga wa dirisha; na je, jicho la pili liko salama? Wengi wanaoitwa vipofu wamebakiwa na kitu, na hicho kidogo kina kazi kubwa chumbani. Ile karatasi ya daktari itahitajika tena kazini na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa hiyo itunzeni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Fimbo nyeupe, inayotoka chini hadi kwenye mfupa wa kifua chake akisimama wima. Ulizeni kwa UNAB, chama cha kitaifa cha wasioona kilichoanzishwa mwaka 1970, au kwenye idara ya macho mlikotibiwa.
- Simu ya Android, hata ya bei ndogo, na spika za masikioni.
- Mipira ya kufungia noti, sindano, uzi na vifungo vichache vya shati.
- Sinia lenye ukingo.
- Watu wengine wawili au watatu wa kupokezana nawe. Hili watu hulipuuza, kisha mwezi wa pili wanaanza kukwepa simu za rafiki yao.

Hatua zenyewe

1. Jitaje ukifika, aga ukiondoka.

"Ni mimi Okello, nimefika, nimekaa kushoto kwako." Inatosha. Usicheze ule mchezo wa "nitambue sauti". Unachosha na unadhalilisha. Ukitoka nje hata kujibu simu, sema, la sivyo atabaki akiongea na kiti. Usipaze sauti, masikio yake ni mazima. Na muuguzi au muuza duka akikuuliza wewe, "Huyu anataka nini?", mgeukie rafiki yako ajibu mwenyewe.

2. Pangeni chumba, yeye akiwa ndiye msemaji.

Wengi wetu tunaishi chumba kimoja cha kupanga: kitanda nyuma ya pazia, jerikeni mlangoni, sigiri nje, waya wa umeme sakafuni. Zungukeni pamoja, mkono wake ukigusa ukuta, na kila kitu akipe mahali yeye mwenyewe. Ukimpangia wewe, kwa akili yako, atapotea ndani ya nyumba yake. Baada ya hapo hakuna anayehamisha kitu bila kumwambia, watoto wakiwemo. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa. Mlango uliofunguka nusu ndio unaopasua paji la uso.

Kisha tokeni nje, maana huko ndiko watu husahau. Yale madirisha ya chuma yanayofungukia barazani yako usawa wa uso. Ongeeni na majirani wayafunge, au wayafungue hadi yalale ukutani. Kamba na nyaya za kuanikia nguo hukata shingo: zipandisheni juu au zihamisheni mbali na njia yake. Kutoka mlangoni hadi chooni fungeni kamba imara usawa wa kiuno, aifuate kwa mkono. Choo ndicho safari ya kwanza ya kufundishana, kabla ya zote. Mtu mzima anayelazimika kuamsha watu usiku ili aende haja huanza kuacha kunywa maji, na huko ndiko maradhi mengine yanakoanzia. Hesabuni hatua, tafuteni alama za kugusa, na kwenye tundu la choo wekeni tofali mbili za kukanyagia ambazo hazisogei.

3. Jifunze kumwongoza.

Usimshike wewe. Mguse nyuma ya mkono kwa mkono wako, naye ashike mkono wako juu kidogo ya kiwiko. Wewe unatangulia nusu hatua, yeye anasoma mwendo wa mwili wako: ukishuka anajua, ukigeuka anajua. Kumsukuma kutoka nyuma au kumvuta kwa fimbo ni kosa nililoliona mara nyingi hata kwa wahudumu wa afya.

Penye njia nyembamba, peleka mkono wako mgongoni, naye atakaa nyuma yako. Penye ngazi simama kwanza, sema "ngazi zinapanda" au "zinashuka", kisha tangulia ngazi moja. Mtaro usiokuwa na mfuniko uvuke kwa maneno: "Simama. Mtaro, upana wa hatua moja, mguu wa kulia mbele." Maneno kama "angalia hapo!" hayamfai kitu. "Simama!" linaeleweka papo hapo. Penye kiti, mwekee mkono kwenye mgongo wa kiti, ataketi mwenyewe.

Fimbo haioni vilivyo juu ya kiuno: mbao za matangazo, matawi, ubao wa nyuma wa lori lililoegeshwa, mwavuli wa muuza data. Hivyo ni juu yako kuvitaja.

Matumizi ya fimbo yenyewe ni bora afundishwe na mtu anayeyajua, na mara nyingi mwalimu mzuri ni asiyeona mwenzake. Kwa kuanzia ajue hili: ncha inagusa chini kushoto mguu wa kulia unapokwenda mbele, na inagusa kulia mguu wa kushoto unapokwenda, kwa upana wa mabega yake.

4. Boda na taksi.

Boda: zungumza na dereva kwanza kwamba abiria haoni, asiondoke kabla hajaambiwa. Mpandishe rafiki yako upande wa kushoto. Mkono wake mmoja uguse bega la dereva, mwingine kiti. Bomba la moshi kwenye pikipiki nyingi liko kulia, nalo huunguza muundi. Afadhali mtumie dereva mmoja mnayemfahamu wa steji ya karibu, ajue nyumba na ajue kumfikisha mlangoni, si "hapo barabarani".

Taksi: mwekee mkono mmoja juu ya ukingo wa paa na mwingine kwenye kiti, hapo hatagonga kichwa. Mwambie konda kwa sauti ni wapi anashuka, na rafiki yako alipe kwa mkono wake. Simu akae nayo mbali na dirisha.

5. Chakula, chai na moto.

Wengine hufundisha kueleza sahani kwa mfano wa uso wa saa. Kwetu hapo kuna mtego: namba kumi na mbili iliyochorwa juu, sisi tunaitaja saa sita. Mmoja akifikiria namba na mwingine akifikiria saa, mchuzi utamwagika. Mimi nasema tu: "Posho iko karibu nawe, maharage mbele, nyama kulia." Sahani ikae ndani ya sinia, ili kinachodondoka kisiende mbali, na aibu ipungue.

Maji ya baridi akimimina, aingize ncha ya kidole ukingoni mwa kikombe. Chai ya moto asiipime kwa kidole: aanze na kikombe kilicho mezani, si mkononi, asikilize sauti inavyopanda na ahisi uzito, na nusu kikombe inatosha.

Kuhusu kupika, familia nyingi hukataza moja kwa moja, na mama aliyelisha nyumba kwa miaka ishirini anageuzwa mgeni jikoni kwake. Msikataze. Aanze na yasiyo na moto: kumenya matoke, kuchambua maharage, kukata vitunguu akiwa ameketi. Kisha sigiri iwekwe imara kando ya ukuta, mahali pamoja kila siku, mpini wa sufuria usielekee njiani, mikono ya nguo iwe mifupi na leso isining'inie. Sufuria iwekwe kabla makaa hayajakolea. Kaa karibu siku za mwanzo, mikono yako ikiwa nyuma ya mgongo.

6. Pesa.

Noti akunje kila aina kivyake. Mfano: 1,000 isikunjwe, 2,000 ikunjwe pembe moja, 5,000 ikunjwe mara moja kwa upana, 10,000 kwa urefu, 20,000 kwa upana na urefu, 50,000 ikae mfuko wake pekee. Achague mpangilio anaoukumbuka yeye. Akipewa chenji sokoni, ataje kila noti na kuikunja palepale kabla hajaondoka, hata foleni ikinung'unika.

Namba ya siri ya pesa za simu isikae na wewe. Najua ni rahisi: unabonyeza mara moja kazi imekwisha. Lakini siku pesa ikipungua, hata kama ni makato tu, urafiki utaingia doa. Menyu za *165# za MTN na *185# za Airtel hufuata namba, na namba hukaririka. Keti naye aandike kwenye akili: kutuma ni namba gani, salio ni namba gani. Skrini hizo hujifunga zikikawia, kwa hiyo ajaribu kwanza kwa kiasi kidogo. Kama namba ya siri watu wengi wameshaijua wakati wa ugonjwa, aibadilishe leo.

7. Simu inayosema.

Karibu kila Android ina TalkBack ndani yake, programu inayosoma skrini kwa sauti, bure. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, uiwashe. Kwenye simu nyingi njia ya mkato ni kushikilia vitufe viwili vya sauti pamoja kwa sekunde tatu. Ikishawaka, mguso mmoja unasoma, kugonga haraka mara mbili kunafungua, kupeleka kidole kulia kunaenda kitu kinachofuata, na kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Sauti ya kusoma Kiswahili unaweza kuichagua kwenye mipangilio ya usomaji wa maandishi.

Usimfundishe yote siku moja. Siku ya kwanza kupokea na kukata simu. Baadaye kupiga, baadaye kusikiliza ujumbe, WhatsApp mwishoni. Punguza kasi ya sauti mwanzoni. Mwenye iPhone anatumia VoiceOver, mantiki ni ileile. Programu ya Be My Eyes humuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea anayemsomea lebo au kumwambia rangi ya shati. Inakula data, na asiwaonyeshe watu hao namba ya siri wala kitambulisho chake.

Kama ana simu ya vitufe tu, kitufe cha namba 5 kina kinundu. Kutoka hapo vingine vyote vinapatikana.

8. Nguo, kwa kifupi.

Kushona kifungo kimoja ndani ya ukosi wa shati jeusi na viwili kwa jeupe kunatosha. Soksi zifungwe jozi kwa mpira kabla ya kufuliwa.

9. Kazi, haki na wageni.

Asiache kazi kwa haraka, wala asisaini barua ya kujiuzulu wiki ya kwanza, hata mwajiri akiongea kwa upole. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu. Kama aliumia akiwa kazini, ulizeni kuhusu fidia ya wafanyakazi. Kama alikuwa akichangia NSSF na kweli hataweza tena kufanya kazi, kuna mafao ya ulemavu, na hapo ndipo ile karatasi ya daktari inapotumika. Subcounty yenu ina afisa wa maendeleo ya jamii, na baraza lake lina madiwani wawili wanaowakilisha watu wenye ulemavu, mwanamke na mwanamume. Nendeni naye, aongee yeye.

Wageni watakuja wengi, na kila mmoja na dawa yake. Maombi hayakatazwi. Linalokatazwa ni mtu kumwambia aache dawa za kisukari au za presha ili aonyeshe imani. Hilo lisimamie bila haya, hata mbele ya wazee.

Mambo yakikwama

Anaona watu, maua au vitoto visivyokuwepo. Kabla hamjaita mtu wa kufukuza majini, jua kwamba ubongo uliokosa picha kutoka machoni huweza kujitengenezea zake. Mswisi Charles Bonnet alilieleza jambo hili mwaka 1760, akimwandika babu yake mwenyewe. Kwa kawaida picha hizo hazina sauti, na mwenyewe anajua si za kweli. Kupepesa macho au kuwasha taa mara nyingine huzifuta. Zikisema naye, au akiwa na homa na kuchanganyikiwa, hilo ni jambo jingine, mpelekeni hospitali.

Halali usiku. Asiyeona hata mwanga hukosa kile kinachouambia mwili kumekucha. Aamke saa ileile kila siku, atoke nje asubuhi, atembee, na usingizi wa mchana uwe mfupi.

Hataki fimbo. Mara nyingi anachokikataa ni kuonekana na majirani. Mkutanishe na asiyeona anayefanya kazi zake, kupitia UNAB au kanisani kwenu, kisha nyamaza. Mazungumzo yao yatafanya zaidi ya hotuba zako kumi.

Anakufokea. Pokea, ondoka kwa kuaga, rudi kesho kama ulivyosema. Ukimwambia "kuna walio na hali mbaya zaidi", umestahili kufokewa.

Anasema afadhali angekufa. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi wazo jipya. Akikubali, asibaki peke yake. Ondoeni sumu za shambani, pombe na dawa nyingi karibu naye, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala kuna hospitali ya Butabika.

Ndugu wanataka kumrudisha kijijini. Kwa wengine ni nafuu, kwa wengine ni kuzikwa wakiwa hai. Muulizeni yeye, na kama bado hajajua, ombeni miezi mitatu kabla ya kuuza vitu vyake na kurudisha chumba.

Umewasha TalkBack kwenye simu yako ili ujifunze, sasa huwezi kuizima. Shikilia vile vitufe viwili vya sauti kwa sekunde tatu. Isipokubali, gusa mipangilio mara moja, gonga mara mbili, shuka kwa vidole viwili hadi sehemu ya ufikivu, na uendelee hivyohivyo hadi kwenye swichi. Rafiki yako akiwa karibu, mpe simu akuzimie.